Karani Aliyeuliza Tunatoka Wapi

Kaa karibu, wewe unayesoma, unipe sikio lako kwa muda. Jambo lenyewe si gumu, ila linataka kuelezwa bila haraka. Nataka nikuonyeshe mtu mmoja. Jina lake silitaji, na ukifika mwisho utaelewa kwa nini mimi ni mgumu wa kutoa majina ya watu. Sisi watu wa mtaa wa Ruashi tulimwita Karani. Basi nawe mwite hivyo.

Alikuwa karani wa komini, yaani serikali ya mtaa. Katika miaka ile Katanga ilipojitenga na kusema ni nchi peke yake, mji wetu ukiitwa bado Elisabethville, komini ndiyo serikali tuliyoweza kuigusa kwa mkono. Serikali kubwa ilikaa katikati ya mji, na bendera yake na majandarme wake, askari wenye bunduki. Komini ilikuwa nyumba ya matofali yenye baraza, na ndani yake Karani. Ilipotaka kuchimba mtaro, kufungua shule au kuweka robine, yaani bomba la maji la watu wote, ilimtuma apite avenyu moja baada ya nyingine kuwauliza watu wanaonaje. Alikuja kwa baiskeli, na daftari refu la jalada jeusi, na kigoda chake mwenyewe amekifunga nyuma kwa kamba. Hakukubali kukalia kiti cha mtu. Alisema mtu akishakupa kiti chake, ataona haya kukuambia ubaya wa serikali yako.

Nilimpenda kwa jinsi alivyoandika. Ukisema neno, aliliandika kama lilivyotoka mdomoni mwako, na makosa yake yote, kisha alikusomea. "Njo vile?" aliuliza, maana yake ndivyo ulivyosema? Ukisema njo vile, alitia nukta. Ukisema hapana, aliandika tena mstari wa chini, na ule wa juu aliuacha kama ulivyo. Alitumia wino tu. Siku moja nilimwambia anirekebishie sentensi yangu kidogo, mkuu wa komini asinicheke. Akakataa.

"Neno ya raia haiko kiazi, mama," akasema. "Haimenywi."

Nakumbuka mkutano wa robine. Wanaume wa avenyu yetu walitaka iwekwe mbele ya baa, na walikuwa na sababu nyingi nzuri. Karani akaziandika zote. Kisha akainuka, akakigeuza kigoda chake, akawapa wanaume mgongo na kutuelekea sisi wanawake tuliokuwa nyuma.

"Na ba mama banasema nini?"

Halafu mama mmoja, muuza mihogo mikavu, akasema bila kusimama, "Andika. Bale banataka mayi ya kuosha bilauri ya pombe. Shiye ba mama tunataka mayi ya batoto. Na ku baa, tukiinama na ndoo, banatuangalia matako."

Watu wakaangua kicheko. Karani hakucheka. "Niandike yote?"

"Yote!"

"Na matako?"

"Na matako! Ao serikali haina?"

Akaandika, akasoma kwa sauti ileile ya kusomea matangazo, "Tukiinama na ndoo, banatuangalia matako. Njo vile?" Tukajibu wote, njo vile. Karatasi ikaenda komini hivyohivyo, na robine ikawekwa kwenye pembe ya shule, upande wetu. Nimekunywa maji yale. Kwa hiyo nikikuambia kwamba kuwauliza watu kunaweza kubadilisha mahali bomba linapokaa, sikuhadithii kitu nilichokisikia.

Baada ya ushindi ule tulimwamini, na yeye alizidi kutuhimiza tuweke majina. "Bila jina ni upepo," alisema. "Serikali itasema upepo umepiga, itafunga dirisha." Tukawa tunasaini kila mkutano. Asiyejua kuandika alitia kidole. Karani alifurahi sana akiona ukurasa umejaa. Aliupulizia wino ukauke kama mtu anayepuliza uji wa mtoto.

Usidhani alikuwa mtu asiye na kasoro. Mtu huyu aliyeuliza avenyu nzima hakumuuliza mke wake hata rangi ya pazia. Tulipomtania mke kwamba yeye ana bahati, anaishi na masikio ya serikali, alijibu, "Aba! Shiye ku nyumba hatuko na komini." Na alikuwa mwoga, mwoga wa kweli. Aliogopa radi. Aliogopa mbwa kiasi kwamba nyumba yenye mbwa aliihoji akiwa barabarani, akipiga kelele juu ya ua, na jirani wote wakasikia siri za watu. Gari la majandarme likipita aliteremka kwenye baiskeli, akajifanya anakaza mnyororo mpaka lipotee. Hakuficha. "Niko muoga mukubwa, mama," aliniambia. "Mungu alinipa mukono ya kuandika, akasahau moyo."

Sasa nitakueleza neno lenyewe, kwa sababu kila kitu kilizungukia neno moja.

Mambo yalipozidi kuwa mabaya, kulikuja daftari jipya kutoka mjini. Lilikuwa na safu ya jina, safu ya nyumba, safu ya maoni, na safu nyingine ambayo haikuwako zamani, imeandikwa kwa Kifaransa: *origine*. Safu hiyo ilitaka asili ya mtu, na kila aliyesoma alijua ni nani wanatafutwa. Katika miezi ile watu waliotoka Kasai, jimbo la jirani, walionwa kama wageni, wakitolewa makazini na majumbani. Jirani aliyekusalimu jana leo aligeuza uso. Baadhi ya milango ilichorwa alama, na aliyechora hakujulikana. Tulijifunza kusikiliza gari kabla halijafika na kukisia litasimama wapi.

Karani akakaa kwenye kigoda chake, akafungua daftari jipya, akauliza kila mtu, "Unatoka wapi?"

Ujue, hapa kwetu hilo ndilo swali unalomuuliza mtu uliyekutana naye njiani. Mama wa kwanza akajibu, "Natoka ku soko." Karani akaandika: soko. Wa pili, "Natoka ku misa." Akaandika: misa. Mwingine alitoka kwa mkwe, mwingine robineni, mwingine chooni, naye aliandikwa chooni baada ya kuulizwa njo vile. Tulimcheka kwa siri. Karani mzima, mwenye Kifaransa cha kuvaa tai, hajui *origine* ni nini! Nilijiambia amezeeka. Sikufikiria jambo jingine.

Halafu ikaja zamu ya mume wangu.

Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya reli. Alikuwa na pengo la jino la mbele, na kwa sababu hiyo z ilimtoka kama s. Alisema "natoka kasi", alisema "misigo", alisema "wasasi", na rafiki zake hawakumwacha apumzike. Sisi ni Wakatoliki, tunasema Yezu. Yeye akisali alisema Yesu, na jirani walimwambia amekuwa Mprotestanti kwa ajili ya jino moja. Mimi si mtu wa Kasai, lakini yeye ni wa huko, na hakukubali kulisema jambo hilo kwa kunong'ona.

"Unatoka wapi, baba?" Karani akauliza.

"Natoka Kasai."

Karani akainua uso. "Nauliza ya sasa hivi tu. Umetoka wapi, unafika hapa?"

"Nimesikia. Natoka Kasai. Baba yangu wa kule, mama yangu wa kule. Mimi sitakuwa muntu wa ku soko. Andika."

Kalamu ilikaa hewani mpaka tone la wino likaanguka pembeni ya ukurasa. Nilimvuta mume wangu shati. Hakugeuka.

"Njo vile?" Karani akauliza, kwa sauti ndogo.

"Njo vile."

Akaandika.

Kuanzia siku ile sikulala vizuri. Neno moja la mume wangu lilikuwa ndani ya jalada jeusi, pamoja na jina lake na namba ya nyumba yetu, na mimi sikujua jalada lile linafungiwa wapi wala nani analifungua. Nilipokutana na Karani barabarani tulisalimiana kama watu waliovunja kitu pamoja.

Siku waliyokuja kulitaka daftari nilikuwa komini, nimesimama kwenye mstari barazani kungoja karatasi ya kuzaliwa ya mwanangu. Ilikuwa asubuhi. Jandarme mmoja alibaki kwenye gari. Bwana mmoja mwenye miwani myeusi akaingia, hatukuwahi kumwona, akamwambia Karani asome safu ya asili mbele yake, jina kwa jina, avenyu yetu kwanza.

Mlango ulikuwa wazi. Tulisikia yote.

Karani akasoma. Jina, nyumba, soko. Jina, nyumba, misa. Jina, nyumba, kwa mkwe.

"Unanichezea?" bwana akauliza.

"Hapana, chef, mukubwa wangu. Hii kaye, hii daftari, inauliza muntu anatoka wapi. Bantu banajibu. Shiye tunaandika vile banasema."

"Endelea."

Jina, nyumba, chooni. Mtu mmoja kwenye mstari wetu alicheka, kicheko cha woga kinachotoka puani, akajiziba mdomo. Mimi nilikuwa nahesabu nyumba. Tulibakiza tatu. Tukabakiza mbili. Karani huyu, ambaye hakukubali kumenya hata neno langu baya, angesoma kilichoandikwa, kwa sababu maisha yake yote alisoma kilichoandikwa. Niliangalia lango nikapima kama naweza kufika nyumbani kwa mbio kabla ya gari.

Akasoma jina la mume wangu. Akasoma nyumba. Kisha akasema, "Kasi."

"Nini?"

"Kazi, chef. Alikuwa anatoka ku kazi. Yee anasemaka kasi."

Bwana akamnyang'anya daftari, akaweka kidole. "Hapa naona Kasai."

Ndipo yule mama wa mihogo, aliyekuwa mbele yangu kwenye mstari, akapiga kelele kwa hasira kama mtu anayegombana sokoni.

"Ule bwana eko na pengo, chef! Ya hapa mbele! Hata Yezu anamuita Yesu, padri amechoka naye!"

Mstari mzima ukaitikia. Kweli, chef. Anasema kasi. Anasema misigo. Mmoja akamwigiza, na alimwigiza vizuri. Bwana akatutazama mmoja mmoja kwa miwani yake myeusi, na mimi nilicheka pamoja na wengine, nikimcheka mume wangu. Hakusema kama ameamini au hakuamini. Alilifunga daftari, akalitia kwapani, akaondoka nalo.

Saa tisa mchana, jua kali, Karani alifika kwetu kwa miguu. Mbwa wa jirani alimbwekea na kumfuata mpaka mlangoni, naye akapita kama hakumwona. Hapo nilijua mambo yameharibika. Hakukaa.

"Bamechukua kaye," akasema. "Bakiisoma pole pole, bataona. Leo ao kesho. Muende ku kambi, kwa basoda ba ONU. Sasa, si jioni."

Wengi wa Kasai walikuwa wameshakimbilia kule, karibu na askari wa Umoja wa Mataifa, wakilala kwenye maturubai na maboksi. Mume wangu hakuinuka kitini.

"Hii nyumba nimeijenga tofali kwa tofali. Sikuiba. Sikimbii."

"Baba, mimi njo nilisema muweke majina. Mimi njo niliandika. Nakuomba."

"Niliyosema ni kweli. Wasome."

Karani akafuta uso kwa tai yake. "Leo nilisoma mbaya," akasema.

"Vipi, mbaya?"

"Ilikuwa Kasai. Nilisoma kasi."

Mume wangu akamtazama muda mrefu. "Wewe? Ulibadili neno?"

"Nilibadili."

"Ya kwangu?"

"Ya kwako. Unisamehe."

Mimi nilikuwa nimemsihi mume wangu wiki nzima kwa machozi, na ndugu zangu walimsihi, na hakusikia. Lakini alijua, kama tulivyojua wote, kwamba mtu yule hakuwahi kugusa neno la mtu. Kama Karani amegusa, basi hatari iko mlangoni. Mume wangu akainuka, akachukua sanduku lake la vyombo vya kazi na kofia. Mimi nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua sufuria moja na unga. Karani alikuwa tayari ametoka. Kwa dirisha nilimwona anaingia nyumba ya pili, halafu ile ya pembeni, kwa wengine wa Kasai, na mbwa bado nyuma yake.

Kesho yake walikuja. Tulisimuliwa na jirani aliyetufuata kambini siku chache baadaye: walimuulizia fundi mwenye pengo, wakavunja mlango na kukuta meza imeandaliwa bado.

Maisha ya kambi sitakueleza leo. Tulikaa tukiogopa mvua, magonjwa, na sisi kwa sisi. Niliwaza sana juu ya Karani. Safari nyingine nilimlaani, kwa sababu bila majina aliyotuhimiza tuweke hakuna daftari ambalo lingetufikisha pale. Safari nyingine niliomba Mungu amlinde. Na nilianza kuelewa lile swali lake. Aliuliza "unatoka wapi" kwa kuwa alijua vizuri *origine* ni nini. Alitupa nafasi ya kujibu soko, na mume wangu akakataa nafasi hiyo. Nani kati yao alikosea, hata leo sijui kukuambia. Tulisikia kwamba Karani alishikwa, akakaa ndani siku kadhaa, akaachiwa bila kazi. Hakuna aliyejua alienda wapi.

Miaka ilipita. Katanga ilirudi ndani ya nchi moja, mji ukabadilishwa jina, na sisi tukajenga tena, safari hii katika mtaa wa Hewa Bora. Siku moja tuliitwa kwenye uwanja wa shule. Serikali inataka maoni ya raia, walisema, kituo cha afya kiwekwe wapi. Binti mmoja mwenye tabasamu zuri alipita akigawa karatasi zenye mistari ya jina, nyumba na maoni. Nilikuwa nimeshika kalamu niliposikia sauti nyuma.

"Mwana, hizi karatasi zitalala wapi?"

Nilimjua kabla sijageuka. Alikuwa mzee kabisa, amekaa kwenye benchi la shule kama wengine, mikono juu ya fimbo.

"Ku biro, ku ofisi ya serikali, papa," binti akajibu.

"Ndani ya kabati?"

"Ndiyo, ndani ya kabati."

"Nani eko na ufunguo?"

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee, unataka kuiba?" Binti naye akacheka, kwa adabu. "Papa, ni centre ya santé tu."

"Najua, mwana. Ninaitaka. Ninaumwa na mgongo, nataka iwe karibu na soko, uandike hivyo. Lakini jina utaifanyia nini?"

Binti akafikiri. Nilimpenda kwa kufikiri. Kisha akasema, kwa kweli, jina halina kazi. Wanachotaka kujua ni watu wa avenyu gani wanataka nini. Akaomba mkasi kwa mwalimu wa shule, na watu wa mstari wa mbele wakamsaidia kukata ile safu ya jina kwenye karatasi zote. Mkutano ukaendelea. Tulibishana mpaka jua likageuka, na kila mtu alisema neno lake.

Nilipomwendea hakunitambua mpaka nilipotaja avenyu yetu ya Ruashi. Hapo akashika fimbo kwa mikono miwili.

"Na mume wako?" akauliza. Aliuliza akitazama chini.

"Eko. Eko nyumbani, anatengeneza redio ya jirani. Amewekewa jino sasa."

Akatoa leso, akafuta macho, akaikunja, akaifungua tena.

"Nilikuwa sijui," akasema. "Hii miaka yote, nilikuwa sijui."

Nikamshika mkono tukaenda nyumbani kwangu, pole pole kwa sababu ya mgongo wake, na mume wangu alipofungua mlango alimvutia kiti chake mwenyewe, na safari hii Karani akakikalia.

Basi msomaji wangu, watakuja kwako pia, na karatasi, na nia njema. Nenda kwenye mkutano. Sema unachotaka, chote, kwa sauti inayosikika mpaka nyuma. Kisha, kabla hujaandika jina lako, uliza jina hilo ni la kazi gani, litawekwa wapi, na nani ana ufunguo; na kalamu iache mezani mpaka ujibiwe.